Mnong'ona Majina wa Bwana Makero

Katika nyumba ya Gayo Vetidio Makero, pale kwenye mteremko wa kilima cha Kwirinali, mjini Roma, kila kiungo cha bwana kilikuwa na mtu wake. Ndevu zilikuwa na kinyozi. Mabega yalikuwa na mkunja joho, aliyepanga mikunjo kwa vibanio vya mti tangu jana yake na kutokwa na machozi bwana alipoketi. Tumbo lilikuwa na wapishi watatu, na wa nne wa kukata nyama tu. Huyo ukimwomba akupitishie maji, alikutazama kana kwamba umemtukania mama. Miguu ilikuwa na wabeba machela wanane. Kumbukumbu ya bwana ilikuwa ya Menofilo.

Alikuwa na miaka sitini na moja na bado aliitwa kijana, kwa sababu mtumwa wa Roma hazeeki mpaka afe. Walimleta kutoka Kilikia akiwa mdogo, hata lugha ya mama yake ilibaki ndotoni tu, na huko nako ilimjia kwa kigugumizi. Kazi yake ilikuwa kutembea nusu hatua nyuma ya sikio la kushoto la bwana na kunong'ona. Akitokea mtu mbele yao, Menofilo alirusha jina, bwana akalidaka na kulitoa kinywani likiwa bado la moto: "Kwinto Aurio, ndugu yangu, yule binti amejifungua salama?" Kwinto Aurio akafurahi kukumbukwa na mkubwa. Alikuwa amemwona Menofilo. Alikuwa ameusikia mnong'ono. Kila mtu alijua, kila mtu alijifanya hajui, na hiyo ndiyo ilikuwa adabu yenyewe.

Alibeba majina zaidi ya elfu mbili, na hakuna hata moja aliloliandika. "Jina ni mbuzi," alikuwa akisema. "Ukimkimbiza humpati. Mfunge kamba shingoni, kisha uvute kamba." Kamba aliyoipenda ilikuwa kasoro. Aurio alikuwa na meno kama ngazi iliyovunjika. Ukivuta ngazi, Aurio anakuja analia mee. Yule mwenye duka la mafuta alifungwa kwa chunjua, jirani yake kwa harufu ya kwapa. Kwa muda wa miaka thelathini Menofilo alitembea Roma nzima akiwatukana watu kimoyomoyo kwa unyenyekevu mkubwa.

Aliyeijua siri hiyo alikuwa Nebris peke yake. Nebris ndiye aliyemtengeneza bibi nywele, na alikuwa mke wa Menofilo kwa miaka ishirini; mke kwa moyo na kwa kitanda kimoja, si kwa sheria, maana mtumwa haoi. Mchana alikuja jikoni kupasha moto kile chuma cha kukunjia nywele, na hapo ndipo walipopata nafasi ya kuzungumza.

"Na mimi umenifunga kamba gani?" alimuuliza siku moja, chuma kikiwa majivuni.

"Wewe sikufungi."

"Sema, mzee."

"Sauti."

"Sauti gani?"

"Hiyo hiyo."

Nebris alikigeuza chuma taratibu kuliko ilivyohitajika. "Haya. Ila nakuambia, umri umekwenda. Siku moja utavuta, ije kamba tupu, mbuzi abaki porini. Utamnong'oneza bwana tusi na yeye atalitangaza, maana mtu yule hachuji. Kinachoingia sikioni kinatokea mdomoni, hakikai hata kupumzika."

Menofilo alicheka, lakini hakucheka sana. Mwaka ule mbuzi wawili walikuwa wameshampotea.

Wa kwanza walikuwa ndugu mapacha waliokuwa wakishtakiana kwa ajili ya shamba. Menofilo aliwachanganya, na bwana akampongeza kwa ushindi yule aliyeshindwa, akamkumbatia kabisa. Kosa la pili lilikuwa baya zaidi. Alinong'ona kwamba mtu fulani amefiwa na mkewe, na Makero, ambaye machozi yake yalikuwa karibu siku zote, akatoa rambirambi ndefu yenye kumsifu marehemu na kumshauri mfiwa aoe upesi. Marehemu alikuwa amesimama nyuma ya mumewe, mzima wa afya, na kilichomuudhi si rambirambi, ni jinsi mumewe alivyokuwa akitikisa kichwa kukubali.

Siku hiyo bwana alimwita Menofilo chumbani na kumwambia bila kupandisha sauti, "Kijana, nina shamba Lukania. Lina nguruwe mia tatu. Ukikosea tena, utakwenda kuwakumbuka hao."

Lukania ni mwendo wa siku tisa kwa nyumbu. Nebris alikuwa mtu wa bibi, si wa bwana. Menofilo akipelekwa, ndio mwisho wao.

Na kosa lenyewe lilimjia wakati mbaya kuliko wote, kwa sababu mwaka huo Makero alikuwa akigombea usimamizi wa masoko na michezo. Mgombea wa Roma hupakwa chokaa joho lake ling'ae kuliko ya wenzake, kisha hushuka Uwanjani, katikati ya mji, kushika mikono ya watu asiowapenda. Atawashika wote, na wote awaite kwa majina. Makero alikuwa mtu mnene. Jina lake maana yake ni Mwembamba. Mwembamba alikuwa babu wa babu yake. Wakubwa wa mji ule wamerithi majina ya namna hiyo kama wengine wanavyorithi mashamba: huyu ni Kipara ana nywele mpaka mabegani, yule ni Kengeza anatazama sawasawa kama mshale. Kasoro ilikuwa ya mzee aliyekwisha kuoza, heshima ikabaki kwa wajukuu. Hakuna anayecheka. Anayecheka ni mgeni, na naye akikaa miaka miwili huacha.

Mtu aliyetakiwa kuliko wote katika uchaguzi ule alikuwa Tito Obelio, mkubwa wa chama cha madobi. Kata nzima ya mjini ilipiga kura alikoelekeza kidevu chake. Miaka arobaini ya kukanyaga nguo za watu kwenye mapipa ya mkojo uliochacha, ndiyo sabuni ya mji ule, ilikuwa imeipinda miguu yake kiasi kwamba mbwa angepita katikati bila kukunja mkia. Sasa alikuwa tajiri, alikuwa na madobi mia wa kumkanyagia, lakini matege yalibaki, na Menofilo hakuhitaji kutafuta kamba nyingine. Alimfunga kwa neno la Kilatini Varo, yaani Matege.

Tatizo lilikuwa mbuzi mwenyewe. Watu wenye heshima walikuwa na majina matatu. Obelio alikuwa na mawili tu, kama muuza kabichi. Akina Tito walijaa mitaani, na Obelio lilikuwa jina laini lisilo na pa kushika.

"Leo tunamtafuta nani?" bwana aliuliza asubuhi ile, mkunja joho akiwa amepiga magoti akinyoosha pindo.

"Tito Obelio, bwana."

"Tena."

"Tito Obelio."

"Tena, kijana. Usiniangushe."

Alilirudia mara kumi na mbili njiani. Huko kulirudia ndiko kulikomponza. Neno ukilitafuna mno linakwisha ladha, na mwishowe hujui kama umelimeza au limeanguka.

Uwanjani mambo yalianza vizuri. Joto lilikuwa limepanda, chokaa ya joho ikawa inapukutika kila bwana aliponyoosha mkono, na waliokumbatiwa walikwenda zao weupe kama wauza unga. Menofilo alinong'ona, bwana akaita. Chunjua ikaleta mwenye duka la mafuta. Kwapa likaleta jirani yake, hata kabla hajaonekana. Kisha watu wakajitenga pande mbili, na katikati akaja dobi mkuu akitembea kama mtu aliyepanda pipa, nyuma yake madobi kama hamsini.

Menofilo akafungua kinywa. Mahali pa jina palikuwa tupu. Alivuta kwa nguvu zake zote, na kilichokuja ni kile ambacho Nebris alisema kingekuja.

"Varo," alinong'ona.

"Varo wangu," alisema Makero kwa sauti iliyofika hadi ngazi za hekalu, mikono yake ikiwa imenyooka. "Varo, rafiki, mji huu ungevaa nini bila wewe?"

Watu mia mbili waliitazama miguu ya dobi mkuu, kisha kwa adabu wakatazama mbinguni. Menofilo aliwaona nguruwe, mmoja mmoja, mpaka mia tatu.

Obelio hakuupokea mkono. "Umeniitaje?"

Sasa Makero akaelewa. Jasho lilimtiririka na kuchora mistari kwenye chokaa. Lakini mgombea akirudisha neno moja hupoteza mawili, na hilo alilijua. "Varo," alisema tena, taratibu kidogo.

Dobi mkuu aliinama, akaitazama miguu yake mwenyewe kwa muda, kama mtu anayekagua viatu alivyoletewa na fundi. Kisha akamtazama Makero usoni. "Haya," alisema. Akageuka na kuondoka, na wale hamsini wakageuka nyuma yake, wengine wakiwa bado hawajajua wakasirike kiasi gani.

Waliporudi nyumbani, bwana alimuuliza bawabu wa mlangoni, Fusko, "Nyumbu wa Lukania wanaondoka lini?"

"Kesho asubuhi, bwana, baada ya watu kuja kuamkia."

"Mtafutie huyu kijana nafasi." Akapiga hatua mbili, akasimama. "Lakini wakati wa salamu awepo. Sina mwingine."

Fusko alimsubiri bwana apotelee ndani. "Kaka," alisema, "mimi nimefungwa mnyororo kwenye mlango huu miaka sita, nikawa nakuonea wivu unavyotoka nje kila siku. Sasa naona bora mlango."

"Mlango haukosei jina," alisema Menofilo.

Mchana ule Nebris alimfungia mzigo: kanzu mbili, kikombe cha udongo, na soksi za sufu alizomfumia kwa ajili ya majira ya baridi. Alifunga, akafungua, akafunga upya. Hakulia, alikuwa na hasira, na hasira yake siku zote ilitoka kwa mzaha.

"Nguruwe mia tatu," alisema. "Utawatofautisha kwa kamba gani? Wote wana pua."

"Nitapata."

"Yule mnene utamwita Mwembamba, apate moyo."

"Nebris."

"Nasema tu. Na soksi hizi usimpe mtu. Nakujua, ukiombwa mara mbili unatoa." Aliuvuta uzi wa mzigo. "Nimemwomba bibi aniuze kwa bwana, nikufuate."

"Nilikuambia usimwombe."

"Nimeshamwomba. Akaniambia nisimkaribie na chuma cha moto nikiwa natetemeka." Alimkabidhi mzigo kifuani. "Mpe Fusko, ampe mwenye nyumbu sasa hivi. Nikiuona hapa, nitaufungua tena."

Kulipopambazuka Menofilo alisimama mahali pake ukumbini, nusu hatua nyuma ya sikio la kushoto. Nje ya mlango wa nyuma nyumbu walikuwa wameshafungwa mizigo. Watu wa salamu, wanaokuja kila asubuhi kumwamkia mkubwa wao, walikuwa wachache kuliko kawaida, maana habari ya Uwanjani ilikuwa imelala katika kila nyumba ya mji. Akaingia mwenye duka la mafuta, akaingia mshairi mmoja mwenye njaa, halafu hakuna. Makero alikuwa ameanza kupiga miayo ya huzuni Fusko aliposikika mlangoni akibishana na mtu, kisha akiuliza, "Umesema nani?" Kisha tena, kwa upole, "Nani?"

Akatangaza. Majina mawili ya kwanza aliyatoa kwa mkupuo. La tatu alilisogeza kwa tahadhari, kama mtu anayeweka yai juu ya meza.

"Tito Obelio. Varo."

Dobi mkuu aliingia amevaa joho jeupe kuliko la mgombea. Nyuma yake ukumbi ulijaa madobi mpaka kwenye kidimbwi cha katikati, kinachopokea maji ya mvua kutoka uwazi wa paa, wawili wakaingia ndani yake bila kujali. Kukanyaga maji walikuwa wamezoea.

"Bwana Makero," alisema. "Jana nilikwenda nyumbani nikamweleza mke wangu. Akasema, umetukanwa, wewe mzee mpumbavu, na umesimama pale kama gogo. Sikushiba maneno hayo. Nikaenda kwa yule Mgiriki anayewafundisha wanangu. Nikamuuliza, hili Varo ni jina au ni tusi? Akasema, ni jina, wako wakubwa wanalo katika baraza kuu, walilipata kwa babu mwenye miguu ya namna hiyo. Nikamuuliza, na babu yao alipewa na nani? Akasema, na watu tu, barabarani." Alipumua. "Mimi nimepewa na mtu wa baraza kuu. Uwanjani. Mchana, mbele ya watu mia mbili."

Makero alikuwa amefungua kinywa. Menofilo, kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini, hakuwa na chochote cha kukitia.

"Baba yangu alikufa na majina mawili," Obelio aliendelea. "Kwenye jiwe la kaburi lake upande wa kulia pana nafasi. Fundi aliniuliza, hapa niandike nini? Nikamwambia, acha. Kila nikipeleka divai kaburini naiona ile nafasi. Wanangu wana miguu iliyonyooka kama mishumaa, lakini wataitwa Varo, wapende wasipende. Sasa nataka kujua jambo moja tu. Nani alikwambia uniite hivyo?"

Ukumbi mzima ulimtazama Makero, na hakuna aliyemtazama Menofilo, kwa adabu ileile ya siku zote.

"Lilinijia lenyewe," alisema Makero. "Nilikuona tu, likanijia."

Menofilo alikodolea macho dari. Palikuwa na buibui mmoja pale, mwenye miguu mizuri.

Wakakumbatiana, na safari hii haikujulikana nani amempaka mwenzake chokaa. Kata ya mjini ilikuwa imepatikana. Kama mambo yangeishia hapo, nadhani bwana angemkumbuka kijana wake baada ya kifungua kinywa, na huenda angemsamehe, na huenda asingemsamehe. Furaha ya wakubwa ni fupi, na yeye alikuwa ameshasema mbele ya bawabu. Lakini madobi hawakuondoka. Mmoja alisukumwa mbele na wenzake, mtu mzima, masikio yake yakining'inia pande mbili kama nguo za kuanikwa.

"Bwana," alisema, akitazama sakafu, "mimi nami nina mawili tu."

Makero alimtazama. Alimtazama kwa muda mrefu, akingojea limjie lenyewe. Kisha, polepole sana, kichwa chake kikalala nyuma kidogo, upande wa kushoto.

Menofilo hakuhitaji hata kuvuta. Kamba zilikuwa zimelala pale, chungu nzima, za miaka thelathini. "Flako," alinong'ona. Mlegevu wa masikio.

"Flako," aliita bwana, na mtu mzima yule akatoka ukumbini akiyagusa masikio yake kama mtu aliyevishwa herini.

Wakapanga mstari. Yule mwenye kitambi, yule mwenye kichwa kikubwa, yule anayetumia mkono wa kushoto. Bwana aliita kwa madaha, akizidi kunoga, mpaka akafika kijana mmoja mzuri aliyekamilika kila upande, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile mnong'ono ukachelewa.

"Pulkro," alisema Menofilo mwishowe. Mzuri.

Kijana alinuna. "Bwana, hilo kama la kubembelezea. Wenzangu wote umewapa ya heshima. Mimi sina hata kasoro moja?"

Alivyokuwa akilalamika, jicho lake la kushoto lilikwenda kidogo kidogo kuitazama pua. Menofilo aliliona. "Strabo, bwana, Kengeza," alinong'ona haraka, na kijana akaondoka ameinua kichwa, akilipeleka jicho lake puani kila hatua, makusudi.

Hapo Fusko akaja mpaka mwisho wa mnyororo wake. "Bwana, samahani. Mwenye nyumbu anaondoka. Anamuuliza abiria wake."

"Mwambie aende zake," alisema Makero bila kugeuka. Kichwa chake kilikuwa bado kimelala upande wa kushoto, na mbele yake walikuwa wamebaki thelathini, na nje, ilisemekana, waoka mikate nao walikuwa wameanza kufika.

"Na kijana, bwana?"

"Kijana gani? Fusko, huoni watu wana kazi?"

Kwa hiyo nyumbu walikwenda Lukania siku ile na kanzu mbili, kikombe cha udongo na soksi za sufu, na mwenyewe akabaki Roma na nguo aliyoivaa. Salamu zilikwisha jua likiwa utosini. Menofilo alishuka jikoni akiwa amekaukiwa koo, akamkuta Nebris amekaa kando ya majivu, chuma cha nywele kimepoa mkononi mwake. Juu bibi alikuwa ameita mara tatu.

Nebris alimtazama miguu kwanza, kisha juu. "Umebaki?"

"Nimebaki."

"Amekusamehe?"

"Hajanisamehe. Amesahau. Sasa kazi yangu si kukumbuka majina, ni kuyatoa." Alijimiminia maji, akanywa yote. "Nimewatukana watu hamsini na saba tangu asubuhi, na wote wamenishukuru. Yaani wamemshukuru yeye."

"Na soksi zangu?"

"Zimeondoka."

Nebris alikitia chuma majivuni kwa kishindo. Juu bibi aliita mara ya nne. "Na hii kazi mpya," aliuliza, akiwa ameshampa mgongo ili asimwone uso, "watakuachia nayo mpaka lini?"

Menofilo alifikiri. "Mpaka watu wa Roma waishiwe kasoro."

"Ah," alisema Nebris, "basi tutazikwa hapahapa." Akakichukua chuma, akapanda ngazi kwenda kwa bibi.